Watoto wametoka Kihonda wametua Junction City, Kansas: nilivyowazoesha mji wa pembeni ya kambi ya jeshi (ni ndefu, chukua chai)

Mume wa Sajenti

Wakuu habari za humu, wakubwa shikamooni. Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika siwezi sana, ila juzi kuna mdau aliuliza watoto wake wanakuja kumfuata Marekani awazoesheje, nikaona majibu yote ni Disney, sanamu la uhuru, sijui maghorofa ya Chicago. Nikacheka peke yangu jikoni. Jamani wengine tuko kwenye vimji ambavyo ukivitaja pale stendi ya Msamvu, Morogoro, mtu anadhani umetaja dawa ya mswaki.

Mimi nipo Junction City, jimbo la Kansas, katikati kabisa ya nchi. Watu kama elfu 23 hivi, na mji umegusana na kambi ya jeshi inaitwa Fort Riley, ipo tangu 1853, ndo makao ya divisheni ya kwanza ya miguu, wale wenye namba 1 nyekundu begani. Jina la mji limetokana na mito miwili inayokutana hapo, Smoky Hill na Republican, ikishakutana inakuwa mto Kansas.

Mwanajeshi ni mke wangu. Sajenti, fundi wa magari ya deraya. Mimi ndo niliyemfuata. Najua mnachotaka kusema, semeni mmalize tuendelee.

Watoto ni wawili, kijana miaka 11 na binti miaka 6. Walibaki kwa bibi yao Kihonda, Morogoro, hadi makaratasi yakakamilika, na habari ya makaratasi ni uzi mwingine sitaki presha ipande asubuhi hii. Nimeandika kwa ajili ya mzazi ambaye mtoto anakuja akiwa na Marekani yake ya kwenye TV kichwani halafu wewe unamshusha kwenye nyasi.

Na ni nyasi kweli. Tuliwapokea uwanja wa Kansas City, pale hadi nyumbani ni masaa mawili kwa gari, unashika haiwei ya 70 unaelekea magharibi. Hatujatoka hata parking ugomvi umeanza, binti hataki kiti cha watoto, anasema yeye si mtoto mchanga, Kihonda alikuwa anapanda bodaboda mbele ya dereva. Kwa Kansas mtoto wa miaka 4 hadi 7 lazima akalie kile kiti cha kumnyanyua, labda awe mrefu au mzito sana. Mama yake akamwambia kwa sauti ile ya kazini, kimya. Kijana yeye kaganda dirishani. Kama saa nzima hajasema kitu, halafu akauliza taratibu kabisa, "Baba, Marekani inaanza wapi?"

Nilikosa jibu. Nje kulikuwa na ng'ombe na mnara wa maji.

Mbele kidogo kibao cha barabarani kikatokea kimeandikwa Manhattan. Kijana karuka, kamwamsha mdogo wake, Manhattan Manhattan, kashika simu ya mama yake kamtumia binamu yake sauti kwamba wanaingia Manhattan muda huu. Sasa wakuu, kuna Manhattan ya Kansas. Mji wa chuo kikuu, jirani yetu, wenyewe wanaiita tufaha dogo kwa utani wa New York. Sikumwambia. Mke wangu ananiangalia, mimi naangalia barabara. Hadi leo kule Kihonda kuna watoto wanajua binamu zao wanakaa karibu na New York.

Naendelea baadae, niko zamu ya kupika.

Chapakazi88

Kwa hiyo mkuu umeolewa 😂😂 tuanzie hapo kwanza

Mume wa Sajenti

Nimeolewa na bima ya afya ya familia nzima ninayo. Wewe endelea kuoa.

Binti wa Msamvu

🤣🤣 Chapakazi amepatikana. Mkuu shusha vitu, nimeweka kiti

Mume wa Sajenti

Nimerudi. Wamekula wali wanaangalia katuni.

Sasa nianze na kosa langu. Mimi nilikuwa nimepanga ratiba ya kishamba kweli, wiki ya kwanza nawapeleka maduka makubwa, wiki ya pili bustani ya wanyama, wiki ya tatu tunaenda Kansas City kwenye mabembea. Ratiba ilikufa usiku wa tatu.

Usiku wa tatu mizinga ilianza.

Kama hujawahi kukaa pembeni ya kambi yenye mizinga huwezi elewa. Haisikiki kama kwenye filamu. Inaanzia miguuni, halafu dirisha linatetemeka, halafu vikombe kabatini vinagongana ting ting ting kama kuna mtu anavihesabu. Wanafanya mazoezi hadi usiku wa manane, kambi huwa inatangaza mapema siku za kelele, mimi nimeshazoea hata sisomi tena. Nikasahau kabisa kuwaambia watoto.

Binti alikuja mbio chumbani, kijana nyuma yake kabeba viatu mkononi. Viatu wakuu. Nikamuuliza viatu vya nini, akasema tukikimbia nje kuna baridi.

Mimi mwaka 2009 nilikuwa Mbagala, Dar. Wanaojua wanajua, Aprili ile ghala la mabomu la jeshi lilipolipuka, nilikimbia kandambili moja mguuni nyingine sijui iko wapi hadi leo. Na mwaka mmoja na miezi baada ya mimi kufika huku, mizinga ikipiga bado nilikuwa najikuta nimesimama katikati ya sebule sijui nimesimamaje. Kwa hiyo nilipomuona mwanangu kabeba viatu niliishiwa maneno. Mke wangu yeye alikaa chini sakafuni na wao akawa anawafundisha kuhesabu. Ukisikia mshindo anza moja, mbili, tatu. Hawa ni wenzake mama, wako mbali, wanapiga kwenye kilima kitupu, kesho watalalamika masikio. Binti akalala kwenye mshindo wa kama ishirini hivi.

Asubuhi nikafuta ratiba yote. Nikaona watoto hawa kabla ya kuonyeshwa mji wausikie kwanza, wajue kila sauti ni ya nani. Nikabandika karatasi kwenye friji, binti akachora vitu vinne. Mzinga, king'ora, treni, baragumu. Mzinga aliuchora una meno.

Mzee wa Kihonda

Mwanangu hongera kwa kuandika. Kihonda ipi, ya Magorofani au kwa Chambo? Hilo la Mbagala umenikumbusha mbali, na miaka miwili tu baadae ikafuata Gongo la Mboto. Watoto wa wanajeshi wa huko wanazoea kweli?

Mume wa Sajenti

Shikamoo mzee wangu. Magorofani. Wanazoea mzee, tena mapema kuliko sisi. Siku hizi ikipiga binti anasema "mzinga" tu kama mtu anayeona mvua, anaendelea kupaka rangi.

Kilichosaidia ni hiki. Jumamosi ile nikawapeleka kuangalia mzinga wenyewe. Kuna kilima pembeni ya haiwei, wanapaita Freedom Park, juu kabisa kuna mzinga mkubwa ajabu wa miaka ya 50 uliotengenezwa kurusha kombora la nyuklia. Aina ile ilifyatua kombora la nyuklia mara moja tu, majaribio, jangwani Nevada mwaka 1953, baada ya hapo ikapitwa na wakati. Unapanda kwa miguu kama dakika 10 mpaka 15, upepo wa Kansas unakusukuma kama umemkosea. Binti alifika juu kauzunguka, kaugusa, kauliza ndo huu unatuamsha? Nikamwambia hapana huu mzee, kastaafu. Akaupigapiga kama ng'ombe.

Pale juu unauona mji wote na unaona kambi inavyokwenda haiishi. Kijana akanionyesha nyumba yetu iko wapi kabla mimi sijaiona.

Mume wa Sajenti

Sauti ya pili, baragumu. Hii haikunipa kazi hata kidogo. Saa 11 jioni kambini bendera inashushwa, baragumu inalia kwenye spika, gari zote zinasimama, watu wanashuka wanaelekea bendera, wenye sare wanapiga saluti. Mara ya kwanza tulikuwa parking ya duka la chakula la kambini, binti anasukuma toroli kwa fujo. Ghafla kila mtu kaganda. Na yeye kaganda. Nikaanza kuwaelezea kwa kunong'ona, kijana akanikatisha, "Baba tunajua, kama pale polisi." Kweli bana, si hata kwetu bendera ikishushwa kituoni unasimama? Nilikuwa nimesahau. Yaani jambo ambalo wazungu wenyewe wageni wanashangaa, watoto wa Moro wamesimama wima kama skauti.

Treni nayo haina shida, ni ya mizigo, ndefu kama Jumatatu, honi usiku. Binti alihesabu mabehewa akaishia 70 akasema imeghushi.

King'ora sasa.

Huku ni nchi ya vimbunga, tornado, hasa kuanzia Aprili hadi Juni. Kila mji una ving'ora kwenye nguzo na huwa vinajaribiwa mchana hali ya hewa ikiwa safi. Mimi kwa kuwatuliza nikawaambia hicho kikilia msijali, ni majaribio. Ujinga wangu huo uandikeni. Mwezi wa tano, saa 4 usiku, anga limekuwa na rangi kama ya jipu, kikalia cha ukweli. Namwamsha kijana hataki, ananiambia "si majaribio baba?" kajifunika. Nikambeba na miaka yake 11, mgongo hadi leo. Nyumba tuliyopanga haina chumba cha chini ya ardhi kwa hiyo tulijibana bafuni, wote wanne, godoro juu ya vichwa, watoto wamevaa helmeti za baiskeli, mke wangu kashika redio. Tornado haikuja kwetu. Ilikuja mvua ya mawe, ikatoboa kioo cha nyuma cha gari.

Siku hizi kanuni iko kwenye friji kwa mwandiko wa kijana: jua linawaka na ndo saa yake, ni jaribio. Vinginevyo bafuni, na usisubiri baba.

Mama Wawili Texas

Kaka umenifurahisha na umenikera kidogo. Sisi tupo Killeen, mji wa kambi pia, mwaka wa sita, mume wangu jeshini, hayo ya mizinga ni chai ya asubuhi. Ila mbona husemi habari ya shule? Huku mtoto masaa yote makali yuko shule, mji anautambulishwa na wenzake wala si wewe. Na mazoezi ya shule umewaelezaje, maana wangu alirudi analia

Mume wa Sajenti

Dada yangu nilikuwa naikwepa, umenikamata.

Shule kwa upande wa ugeni haikuwatesa. Huu mji karibu kila mtoto katoka sehemu nyingine, darasani kwa binti kuna aliyezaliwa Ujerumani, kuna wa Hawaii, kuna wa Puerto Rico, mwalimu akiuliza umetoka wapi haulizi kwa kushangaa, anauliza kama anavyouliza umekula. Hilo nalishukuru. Mwezi wa nne wanavaa zambarau siku moja kwa ajili ya watoto wa wanajeshi, binti akasema anataka na nguo ya ndani iwe zambarau.

Lakini mazoezi. Wanafanya ya tornado, wanapiga magoti koridoni kichwa ukutani mikono shingoni. Halafu wanafanya yale mengine, ya mtu mwenye bunduki akiingia shuleni. Mlango unafungwa, taa zinazimwa, watoto wanajibana kona moja kimya. Binti alirudi kachangamka kabisa, "Baba leo tulicheza kunyamaza na mimi nilishinda." Nikamwambia hongera. Nikatoka nje nikaenda kukaa kwenye gari bila kuwasha.

Aliyenifafanulia ni kijana. Yeye alishaelewa ni zoezi la nini, na alikuwa amekaa nalo wiki mbili hajasema. Akaniambia hakutaka mama ajue kwa sababu mama ana kazi nyingi. Basi jioni ile tuliongea wote mezani, kiswahili kitupu, bila kumficha mdogo wake ila kwa maneno ya umri wake. Sina ushauri wa kitaalamu hapo. Nilichojifunza ni kuuliza kila wiki leo mlifanya zoezi gani, na kuuliza kwa kiswahili, maana kwa kiingereza jibu ni "fine" tu, yaani safi, basi.

Mama Wawili Texas

Hapo sawa kaka. Wangu nae alikaa nalo. Pole

Msee wa Eldy

Sasa wadau, mimi niko Kansas City, nimesoma hii uzi nikiwa job hadi supervaiza ananicheki. Hiyo Junction City nimepita mara mingi nikienda Denver, nilijua ni petrol station tu na kambi 😅 Buda hao watoto wanakula nini huko? Ugali mnatoa wapi?

Mume wa Sajenti

Karibu jirani. Chakula ndo kilikuwa raha yangu.

Kwanza tukio. Wiki ya pili mkate umeisha, nikalalamika tu kwa sauti kama tunavyolalamika. Kijana akachukua dola 5 mezani akaenda dukani. Kimya kimya, kwa miguu, kama Kihonda. Ila huku duka la karibu ni la kituo cha mafuta, kilomita mbili na ushee, na nusu ya njia haina sehemu ya kutembea kwa miguu. Nashtuka nusu saa baadae mtoto hayupo. Natafuta uani, natafuta mtaa wa nyuma, jasho la baridi, ndo naona pikapu ya jirani inaingia, mzee mmoja mstaafu wa jeshi, kijana kakaa mbele kashika mkate na chenji. Mzee hakunisema. Kaniambia tu mwanao ana adabu, kanisalimia mara tatu, ila mwambie avae kitu chenye kung'aa.

Kuanzia hapo nikatambua kwamba mtoto wa kutumwa dukani ukimnyima duka umemnyima mji. Kwa hiyo tukatafuta duka ambalo baiskeli inafika kwa njia za ndani, na bahati likawa la Wakorea. Miji ya kambi huku ina Wakorea wengi na Wajerumani pia, wake za wanajeshi waliohamia tangu zamani na wakabaki. Mama mwenye duka tunamuita Bibi. Siku ya kwanza kijana kasimama kwenye rafu anatoa macho, ananiita kwa nguvu, "Baba DAGAA!"

Dagaa wakuu. Wakavu, kwenye pakiti. Wakorea wanachemshia supu. Si wa Mwanza si wa Kigoma, wana chumvi kidogo, inabidi uloweke, ila ukikaanga na nyanya na kitunguu na pilipili nyumba nzima inanukia Jumamosi ya Moro. Mke wangu katoka kazini kafungua mlango kasimama hapo hapo na buti zake, kauliza nani kaja. Ugali ni unga mweupe wa mahindi wa dukani, laini kama poda lakini unashikana. Mchicha tunapanda, Julai inapiga nyuzi 38 unaota kama magugu.

Siku hizi kijana anatumwa kwa Bibi Mkorea na noti, anarudi na chenji na salamu za kikorea.

Msee wa Eldy

Dagaa wa Wakorea, hii sikujua. Leo naenda

Dada wa Ifakara

Habari zenu. Mimi mume wangu anamaliza mafunzo na ameshaambiwa kambi ni hiyo hiyo Riley. Watoto miaka 4 na 9. Je tukae nyumba za ndani ya kambi au mjini? Na kuna sehemu za kuwapeleka au ni nyasi tu kweli?

Mume wa Sajenti

Karibu sana shemeji, ukifika nitafute dagaa zako ziko tayari.

Ndani ya kambi faida ni nyingi, utulivu, watoto wanaendesha baiskeli hadi giza, shule karibu, posho ya nyumba inalipa kodi moja kwa moja. Hasara ni kwamba wageni wako kila mmoja lazima apitie getini kuchukua kibali, na watoto wanadhani dunia yote wanaume wamenyoa. Mimi nilichagua mjini. Mtoto akifika miaka 10 wanampa kitambulisho chake cha kijeshi, wa 9 mwandae, kijana wangu alipopewa alikuwa analala nacho.

Sehemu zipo, ila usitegemee mabembea. Nyasi zenyewe ndo sehemu. Huku wanapaita Flint Hills, nyasi ndefu ambazo zamani zilifunika katikati ya Marekani yote, sasa hivi zimebaki hata asilimia 4 hazifiki na sehemu kubwa iko hapa, kwa sababu chini ni mawe, jembe liligoma. Karibu na ile Manhattan yetu kuna Konza, pori la utafiti la chuo, lina njia za kutembea na ukiwa na bahati unawaona nyati wa Kimarekani kwa mbali. Binti amezaliwa mlangoni mwa Mikumi, kawaangalia weee, halafu akatoa hukumu, "huyo ni nyumbu kavaa koti." Milima ndo iliwasikitisha. Kijana alizoea Uluguru iko pale ukifungua mlango, huku akioneshwa kilima anauliza ni kichuguu cha nini.

Na usishtuke mwezi wa tatu na wa nne. Wenye ng'ombe wanachoma nyasi. Jioni unaona mstari wa moto kilomita na kilomita, moshi hadi mjini, asubuhi gari lina majivu. Mwaka wa kwanza kijana alikuwa ameshika simu, anapiga 911 ya dharura, kafika 9 na 1 ya kwanza, nikamnyang'anya. Nikamwelezea bila moto miti inavamia na nyasi zinakufa, hata wenyeji wa asili walikuwa wanachoma. Akasema "bibi nae anachoma shamba." Tukakaa juu ya boneti tunaangalia. Ile harufu, wee. Nilikaa dakika nzima sijui niko bara gani.

Ziwa Milford lipo dakika chache, ndo kubwa kuliko maziwa yote ya kutengenezwa Kansas, na kuna kituo chenye nyoka na nyumba ya vipepeo majira ya joto. Mtoto chini ya miaka 16 anavua bila leseni, wewe baba ndo ulipie. Kambare wa humo ni wakubwa, kijana kavua mmoja kamwambia bibi yake kwa video huyu kwa Mindu angekuwa mwenyekiti wa bwawa.

Nyuki Mkali

Mkuu hongera ila na wewe unawapeleka watoto kuangalia mizinga ya nyuklia na bendera, huoni unawalea kijeshi? Historia ya huko kwa mtu mweusi si nzuri, umewaambia?

Mume wa Sajenti

Swali zuri na sitalikwepa. Mama yao ni mwanajeshi, siwezi kuwalea kama mama yao ni muuza maua.

Mjini kuna sanamu ya askari mweusi na farasi wake, wale walioitwa Buffalo Soldiers, vikosi vya weusi vilivyoundwa 1866, mwaka mmoja baada ya vita ya wao kwa wao kuisha, na wale wa farasi, namba 9 na 10, walipita sana Fort Riley. Nikawapeleka. Nikajipanga na hotuba yangu, kwamba tazameni watu weusi walikuwepo hapa kabla yetu, na hata Joe Louis bondia na Jackie Robinson wa besiboli walikuwa hapa hapa 1942 wakiwa askari kwenye jeshi lililobagua. Kijana kasikiliza yote. Halafu akauliza walikuwa wanapigana na nani. Nikamwambia mara nyingi na wenyeji wa asili, Wahindi Wekundu. Na wenyeji wa hapa wako wapi? Nikamwambia jina Kansas, na Konza ile ya nyati, ni jina lao, Wakansa au Wakaw, wakahamishwa kwenda Oklahoma 1873.

Akafikiri. "Kwa hiyo walikuwa kama wale askari wa Mjerumani."

Shule ya msingi ya Kihonda ilimfundisha Majimaji, wakuu. Nani alikuwa anashika bunduki za Mjerumani, alikuwa anajua. Sikuwa na jibu, nikamwambia nenda kamuulize mama yako. Jioni waliongea wawili hadi saa 4 usiku kwenye ngazi za nje. Sijui walisema nini, mlango ulikuwa umefungwa na mimi sikutega sikio, kidogo tu.

Nyuki Mkali

Nimekuelewa mkuu. Salimia huyo kijana

Binti wa Msamvu

Huyo mtoto awe mwanasheria. Mkuu vipi marafiki, wamepata?

Mume wa Sajenti

Wamepata na wameshapoteza. Hili Mama Wawili analijua. Mji wa kambi watu wanahama kila miaka miwili mitatu, kiangazi ndo msimu wa malori. Rafiki mkubwa wa kijana, nyumba ya tatu kutoka kwetu, baba yake alipata karatasi ya kuhamishiwa Alaska. Wiki mbili tu nyumba tupu. Kijana hakulia, aliiendesha baiskeli kuzunguka ile nyumba kila jioni, anapita polepole, anarudi. Nilitaka kumzuia, mke wangu akasema muache. Yeye mwenyewe Februari anaenda Poland miezi 9, watoto wameshaambiwa, kalenda iko kwenye friji karibu na mzinga wenye meno.

Mama Wawili Texas

Miezi 9 ni mirefu kaka. Anza kurekodi sauti ya mama akisoma hadithi, mapema kabla hajaanza kupanga mabegi, maana mwisho hana muda. Na mwambie aache shati alilolivaa, lisifuliwe. Huyo wa 6 atalitaka

Mume wa Sajenti

Asante sana dada, la shati sikulijua. Leo leo naanza.

Dada wa Ifakara

Shemeji swali la mwisho, tunafika Januari. Wiki ya kwanza nifanye nini cha kwanza?

Mume wa Sajenti

Januari nunua makoti kabla ya godoro. Halafu watembeze mtaa wenu kwa miguu mchana, polepole, wajue mbwa gani anabweka nyuma ya uzio gani. Muulize mwenye nyumba tornado ikija mnakimbilia chumba gani, usisubiri mwezi wa nne. Vikombe vya udongo viweke rafu ya chini.

Ngoja nitoke, shule imepiga, binti kaacha glovu nyumbani na nje ni nyuzi 9 chini ya sifuri. Narudi.